Kusogeza kikomo cha 180 kwenye Subaru ya turbo: mwongozo wa mwenye gari wa Tabora

Karibu kila gari la kasi lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japan lina mahali linapogoma. Unakanyaga mafuta, turbo inavuma, sindano inagusa 180, halafu nguvu inakatika ghafla. Ukiachia, inarudi. Ukikanyaga, inakata tena. Gari halina ubovu. Watengenezaji wa Japan walikubaliana wao kwa wao kuyawekea magari yao ya kawaida kikomo cha kilomita 180 kwa saa, na vile vigari vya cc 660 vikapewa 140. Wajerumani wengi wana makubaliano yao ya 250. Volvo nayo, mwaka 2020, iliamua magari yake mapya yasipite 180. Namba hizi hazitokani na uwezo wa injini. Ni uamuzi wa watu, ukaandikwa ndani ya kompyuta ya injini, ile tunayoiita kontrol boksi, na kilichoandikwa kwenye kompyuta kinaweza kuandikwa upya.

Wenye Impreza, Forester na Legacy za turbo hapa mjini huja na ombi moja: "Fundi, nitolee hii mia themanini." Jibu langu ni kwamba kikomo hakitolewi, kinasogezwa. Gari lisilo na kikomo chochote linamwachia dereva kukumbuka tairi zake zinastahimili nini, na mtu aliyekanyaga mafuta hadi chini hakumbuki mambo ya tairi. Kwa hiyo tunaweka namba mpya inayolingana na sehemu dhaifu kuliko zote kwenye gari lile, na kompyuta inaisimamia. Kazi ya kompyuta yenyewe haichukui hata saa moja. Kinachochukua muda ni kulifanya gari listahili namba hiyo.

Niseme mapema mwongozo huu haumhusu nani. Kama gari lako ni basi, Hiace ya abiria au lori, ishia hapa. Kidhibiti mwendo cha gari la biashara kipo kwa sheria, mabasi yanafuatiliwa kwa mtambo na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kukichezea ni kuchezea roho za watu waliokulipa nauli.

Na barabara zetu, hata zilivyonyooka, si mahali pa kutumia kazi hii. Najua lami ya kwenda Nzega inavyovutia asubuhi, najua ile ya Manyoni inavyokwenda bila kona katikati ya miombo. Humo humo kuna ng'ombe wanaovushwa, baiskeli zenye magunia ya mkaa, lori lililoharibika likiwa na matawi ya mti tu nyuma yake, na matuta yanayokushtukiza kila penye kijiji. Ndani ya makazi sheria inataka 50, na trafiki wa tochi wanajua pa kujificha. Ninaposema uwanja, nasema uwanja wa mbio uliofungwa, wenye wasimamizi na gari la wagonjwa, kama Kyalami kule Afrika Kusini, au mashine ya kupimia nguvu za injini yenye magurudumu ya chuma, ambako gari linakimbia likiwa limefungwa mahali pamoja. Nissan wenyewe walilifikiria hivyo walipotoa GT-R ya R35 mwaka 2007: gari la soko la Japan linatambua kwa GPS kwamba limefika kwenye uwanja wa mbio unaotambulika, na hapo tu ndipo dereva anaruhusiwa kukifungua kikomo cha 180. Ukirudi barabarani, kinarudi.

Kama huna mpango wa uwanja wala wa mashine ya kupimia, usifunge ukurasa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kushusha kikomo. Kwa wengi wetu ndiyo yenye faida zaidi.

Hakikisha kwanza kwamba ni kikomo

Malalamiko mengi ya "gari langu limefungwa spidi" hayana uhusiano wowote na kikomo. Kikomo cha mwendo hukata kwenye mwendo uleule, uwe gia ya nne au ya tano. Kikomo cha mizunguko ya injini hukata kwenye mizunguko ileile, uwe mwendo wowote. Turbo ikizidisha presha, kontrol boksi ya Subaru hukata mafuta kwa kishindo ili kuokoa injini, na hiyo inaweza kukupata hata ukiwa 90 unapanda kilima. Gari linalochoka polepole kuanzia 130 bila kukata ghafla lina tatizo la kawaida: chujio la mafuta limeziba, pampu imechoka, koili inakufa, au sensa ya hewa imeshika uchafu. Kiangazi chetu cha vumbi kinaua sana vichujio vya hewa. Badilisha hivyo kwanza, huenda shida yako ikaishia hapo kwa gharama ndogo.

Halafu linganisha mita ya gari na GPS ya simu ukiwa kwenye 80. Mita kusoma juu kwa kilomita chache ni kawaida, ndivyo zinavyotengenezwa. Ikisoma juu kwa kumi na zaidi, angalia saizi ya tairi au uliza kama giaboksi ilitoka gari jingine. Tairi yenye kimo kidogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, sensa inahesabu mizunguko hiyo, na kompyuta inaamini unakwenda kasi kuliko ukweli. Gari la namna hiyo litakata mapema, na tiba yake ni kurudisha saizi sahihi ya tairi. Usiguse programu.

Jambo jingine la kwetu ni mwinuko. Tabora iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Mwenye Impreza ya cc 1,500 asihangaike kabisa, nguvu zitamwishia kabla hajakiona kikomo. Turbo inafidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, jambo linalomaanisha pia kwamba inachemka zaidi.

Tairi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia.

Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi kama 215/45R17 87W. Namba 87 ni uzito ambao tairi inaweza kubeba. Herufi ya mwisho ni mwendo wake wa juu kabisa: Q ni 160, R ni 170, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Herufi hiyo ni ya tairi mpya, yenye upepo sahihi, isiyo na kiraka wala jeraha. Tairi iliyozibwa pancha ubavuni haina herufi tena, hata kama bado inasomeka.

Soma tairi zote nne. Usisome moja ukadhani umemaliza. Magari mengi yanayotoka Japan huondoka kule yakiwa na tairi za msimu wa theluji, na muuzaji hakuambii. Utazijua kwa neno STUDLESS lililogongwa ubavuni na kwa mikato mingi myembamba juu ya kashata, yaani sehemu inayokanyaga barabara. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa barabara ya barafu, na nyingi zina herufi Q. Maana yake tairi hizo haziruhusiwi kufika hata hicho kikomo cha kiwandani unachotaka kukivuka. Kwenye lami ya Oktoba ya Tabora zinayeyuka upesi, na zikichemka zinavimba na kuchanika tabaka.

Umri wake unausoma kwenye tarakimu nne zinazomalizia mstari unaoanza na DOT. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kampuni kubwa za tairi zinashauri tairi itolewe ikifikisha miaka 10 hata kama kashata ni nzima. Kwa jua letu, kwa gari linalokwenda uwanjani, mimi sikubali iliyozidi mitano. Tairi ya mtumba yenye kashata nene inadanganya macho. Pinda ubavu kwa mkono, ukiona nyufa ndogondogo, hiyo ni ya kwendea sokoni Kachoma taratibu, basi.

Kanuni ninayofuata: chukua herufi ya chini kuliko zote kati ya zile nne, toa kilomita 20, hapo ndipo kikomo chako kipya kinapokaa. Tairi za H zinakupa 190. Za V zinakupa 220. Za T zinakuacha chini ya pale ulipo sasa, kwa hiyo usianze kazi hadi ununue nyingine. Na usichanganye: V mbele na T nyuma ni gari la T.

Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Halafu piga balansi na alaimenti. Mtetemo mdogo unaouvumilia kwenye 110 unakuwa jambo jingine kabisa kwenye 190.

Breki na injini

Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka 180 hadi 220 unaongeza mwendo kwa chini ya robo, lakini mzigo ambao breki zinatakiwa kuumeza unaongezeka kwa karibu nusu nzima. Kwa lami kavu na breki nzuri, gari linalokwenda 100 linasimama kwa mita 48 hivi tangu breki zishike. Likiwa 180 ni mita 156. Likiwa 220 ni mita 233, na sekunde moja ya kushtuka kabla ya kukanyaga breki imekula mita 61 nyingine. Chora umbali huo kwenye uwanja wa mpira uone unaishia wapi.

Kwa hiyo: diski zisizo na mifereji wala mtetemo, brek pedi zenye unene, na fluidi ya breki mpya. Fluidi inavuta maji kutoka hewani. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishavuta maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. Ikichemka, kanyagio linazama hadi sakafuni. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe leo. Kisha kagua bushi, boli jointi, tairodi na shokapu, maana hivyo ndivyo vinavyoteswa na matuta yetu.

Kuhusu injini, kuna jambo moja wengi hawalifikirii. Impreza WRX STI za Japan zilipangiwa petroli ya kule ya oktani ya juu, inayofikia 100. Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Ukiendesha kawaida, kontrol boksi inasikiliza injini ikigonga na inarudisha taimingi nyuma yenyewe. Ukishikilia mafuta hadi chini kwa dakika nzima kwenye gia ya tano, unaishi palepale kwenye mzigo ambao unapasua pistoni za EJ20, injini ya Subaru hizi. Kikomo cha 180, bila kukusudiwa, kimekuwa kikiizuia injini yako kufika huko. Ukikisogeza bila kupima mchanganyiko wa mafuta na mgongano wa injini kwenye mashine, umeondoa kinga bila kuweka nyingine.

Taiming belti ya EJ20 inabadilishwa kila kilomita 100,000. Gari lililokuja na odomita ya kutiliwa shaka, hesabu kwamba belti imefika. Oili mpya, rejeta isiyovuja, kofia ya rejeta inayoshika presha. Hayo fundi wako anayajua.

Vifaa

Unahitaji kompyuta mpakato ya Windows yenye betri nzima, kebo ya Tactrix OpenPort 2.0, programu ya EcuFlash ya kusomea na kuandikia, na RomRaider ya kufungulia faili na kurekodi mwenendo wa injini. Programu zote mbili ni za bure. Kontrol boksi za Impreza za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinataka pia waya mdogo wa ziada unaounganishwa na kebo hiyohiyo. Ongeza multimita na chaja ya betri inayotoa umeme tulivu. Kebo za kuiga zipo za bei ya chini sana. Kusoma zinaweza kusoma, lakini mimi siandiki nazo, kwa sababu kebo ikikata katikati ya kuandika, gharama ni kontrol boksi nzima.

Pakua kila kitu ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, na ujaribu programu inafunguka, kabla hujalivua gari lolote vifuniko.

Kusoma faili la asili

Vua kifuniko cha chini ya usukani. Utaona soketi ya kupimia gari yenye tundu 16, na karibu yake kontakti mbili za kijani zilizoachwa bila kuungwa. Unga hizo za kijani pamoja, chomeka kebo, washa swichi bila kupiga stata. Utasikia pampu ya mafuta na feni vikiwaka na kuzima kwa zamu, na taa ya injini itamwekamweka. Usiogope, ndiyo dalili kwamba gari liko kwenye hali ya majaribio.

Kwenye EcuFlash chagua kusoma. Inachukua dakika kadhaa. Faili likishatoka, lihifadhi kwa jina lenye namba ya gari na tarehe, kwenye kompyuta, kwenye fleshi, na kwenye barua pepe yako. Nakala tatu. Faili hilo ndilo gari lako kama lilivyotoka kiwandani, na la gari la jirani haliwezi kuwa mbadala hata kama ni rangi moja na mwaka mmoja. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu: anachukua faili alilolipata kwa mtu, anaandika, gari linawaka vibaya au haliwaki, na la asili halipo tena.

Kubadilisha namba

Fungua nakala ya faili, siyo la asili. Tafuta kwenye kundi la mipaka jedwali linaloitwa Speed Limiting. Mara nyingi lina namba mbili: mwendo ambao mafuta yanakatwa, na mwendo wa chini kidogo ambao yanarudishwa. Kwenye magari yenye kanyagio la umeme kunaweza kuwa na jedwali la pili linalofunga koo la hewa. Ukisogeza moja ukasahau jingine, gari litaendelea kugoma na utadhani kazi imeshindikana.

Andika namba uliyoipata kwenye tairi. Tuseme 220 ya kukata. Ya kurudisha iweke chini kwa pengo lilelile lililokuwepo kwenye faili la asili, ili mafuta yasiwe yanakatwa na kurudi mfululizo kama taa mbovu. Usiandike 400 wala 999. Na usiguse jedwali la mizunguko ya injini, ambalo linakaa jirani na lina sura ileile. Mizunguko ile imewekwa kulingana na nguvu ya valvu, springi na konrodi.

Hifadhi kwa jina jipya. Funga, fungua tena, hakikisha namba ulizoandika ndizo unazoziona, na kwamba hakuna jedwali jingine lililobadilika. Linganisha na la asili. Tofauti ziwe zile tu ulizozikusudia.

Kuandika

Hatua hii haina haraka na haina utani. Wakati wa kuandika, kontrol boksi inafutwa kumbukumbu yake na kuandikwa mpya. Umeme ukikatika katikati inabaki tupu, na gari halitawaka.

Umeme wa mtaani usiutegemee. Kompyuta iwe inatumia betri yake iliyojaa, ili mtaa ukizimika ghafla isijue. Betri ya gari ipime kwa multimita. Ikiwa chini ya volti 12.5 ichaji kwanza, na wakati wa kazi chaja iendelee kushika. Jenereta ndogo ya gereji usiitumie, volti zake zinapanda na kushuka. Zima redio, taa, feni ya ndani, funga milango ili taa ya juu isiwake. Zima Bluetooth, zima masasisho ya Windows, weka kompyuta isilale. Simu yako mpe mtu. Watoto na wapita njia wasogee, maana mguu mmoja uliojikwaa kwenye waya unatosha.

EcuFlash ina uwezo wa kufanya jaribio la kuandika bila kuandika kweli. Fanya hilo kwanza. Likipita bila kosa, andika. Usiguse chochote hadi programu iseme imemaliza. Ikitokea imekwama, usizime swichi na usichomoe kebo. Acha gari kama lilivyo, angalia volti, kisha jaribu kuandika tena. Mara nyingi inakubali. Anayechomoa kwa hofu ndiye anayepoteza kontrol boksi.

Ikimalizika, zima swichi, subiri kidogo, tenganisha kontakti za kijani, rudisha kifuniko. Washa injini, iache isailensi, yaani iungurume bila kukanyagwa mafuta, hadi ipate joto. Kontrol boksi imesahau ilichojifunza, kwa hiyo injini inaweza kutikisika kidogo mwanzoni. Liendeshe taratibu siku mbili tatu kabla ya kudai nguvu.

Kuhakiki bila kukimbia

Hutakiwi kwenda barabara ya Nzega kuona kama imekubali. Soma faili upya kutoka kwenye gari, lilinganishe na ulilosukuma. Vikifanana, kazi imekamilika. Mengine yatahakikiwa kwenye mashine au uwanjani. Kulinyanyua gari kwenye stendi na kulikimbiza magurudumu yakiwa hewani ni hatari. Subaru inaendesha magurudumu yote manne, na gari likishuka kwenye stendi likiwa 180 litatoboa ukuta wa gereji pamoja na aliyesimama mbele yake.

Ukifika uwanjani kumbuka mita nyingi za magari ya Japan zinaishia 180. Sindano itagota na haitakuambia kitu tena. Weka kifaa cha GPS mahali unapokiona bila kuinamisha kichwa.

Mark II, Chaser na wenzake wa zamani

Toyota za miaka ya tisini zenye injini ya 1JZ hazisomwi kwa njia hii. Huko watu hutumia kisanduku kidogo kinachokaa kwenye waya wa sensa ya mwendo kabla haujaingia kontrol boksi. Kampuni ya HKS ya Japan walikuwa na chao, na wengine pia. Kinapitisha ishara ya kweli hadi karibu na 180, kisha kinaendelea kuiambia kompyuta namba ileile hata mwendo ukipanda. Kubali kwamba hapo unapoteza kikomo chote, kwa hiyo yale ya tairi yanakuwa juu ya nidhamu yako peke yake.

Pata mchoro wa nyaya wa modeli yako hasa, usifuate rangi za kwenye picha ya gari jingine. Kata waya karibu kabisa na kontrol boksi ya injini, baada ya tawi linalokwenda kwenye mita na vifaa vingine, ili hivyo viendelee kupata mwendo wa kweli. Unganisha kwa risasi na mirija ya kubana kwa joto. Kuzungusha waya kwa mkono na kufunga utepe hakudumu kwenye barabara zetu. Na yule anayekushauri ukate waya wa mwendo ukaacha hivyo, usimsikilize: taa ya injini itawaka, gari linaweza kuzimika ukifika kwenye tuta, na giaboksi ya otomatiki inaweza kukosa mwelekeo.

Kushusha kikomo

Jedwali lilelile linakubali namba ndogo. Baba anayemwachia kijana wake wa chuo Forester ya turbo, au mwenye gari la kukodisha linalokwenda Kigoma na kurudi na madereva asiowajua, anaweza kuandika 120. Kazi ni ileile, tahadhari za umeme ni zilezile, na gari linabaki na nguvu zake zote za kuovateki lori la tumbaku kutoka 70 hadi 100, palipo na maana. Kinachoondoka ni kile kipande cha juu kinachoua. Mwambie dereva kabla, kwa mdomo na kwa maandishi kwenye dashibodi. Mtu anayeovateki akakatwa nguvu bila kujua kwa nini anaweza kufa kwa kinga uliyomwekea.

Kama una bima kubwa, waandikie wenye bima kwamba programu ya injini imebadilishwa, kikomo kiwe kimepanda au kimeshuka, na uhifadhi jibu lao. Badiliko lisilotajwa ndilo wanalolitafuta siku ya ajali.

Kila unapobadilisha tairi, rudi kwenye herufi. Ukitoa V ukafunga H kwa sababu ndizo zilizopatikana, kikomo kishuke siku hiyohiyo, siyo wiki ijayo. Na siku unaliuza gari, andika lile faili la asili, mwonyeshe mnunuzi, umkabidhi na nakala yake kwenye fleshi.